Kamba Sikupi

Baraka, mwishoni mwa kiangazi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako kutoka Uvira umefika. Mama yako amenisomea mara mbili kwa furaha: umepata kazi ya kupanda minara ya simu, kuanzia Makobola hadi huku Baraka, na unaomba nikupe ile kamba niliyorudi nayo kutoka Durban. Hongera ya kazi nakupa kwa moyo wote. Kamba sikupi. Soma kwanza, kununa utanuna baadaye.

Kamba ile ni ya nailoni, na nailoni huzeeka hata ikilala ndani. Watengenezaji wengi huiwekea ukomo wa miaka 10, hata kama haijawahi kubeba mtu. Yangu imeshapita hapo, tena imekaa chumba kimoja na betri ya sola. Asidi ya betri huila nailoni bila kuacha alama. Utaitazama uione nyeupe na nzima, kumbe imebaki sura tu. Na wewe utafanya kazi mahali penye betri na jenereta ya mazutu chini ya mnara. Vijana hupenda kutupa mizigo yao kwenye kivuli cha hapo. Yako usiitupe hapo.

Najua utaniambia, "Mjomba, wewe si ulipanda kwa mshipi mmoja miaka yote?" Kweli. Kule Durban Watanzania walinicheka niliposema nimekua nikipanda ngazi. Walidhani ni ile ya fundi wa nyumba, mpaka nikawaeleza kwamba kwetu ngazi ni michikichi. Babu yako ndiye aliyenifundisha, kwenye mashamba ya njia ya Fizi. Mshipi unazunguka shina na kiuno, unaurusha juu kidogo, miguu inaufuata, na panga unalo mkononi. Ni ufundi mkubwa, na mawese tuliyokula utotoni yalitoka huko juu. Lakini niliangushwa. Panga liliteleza kwenye bua la kuti likapiga mshipi. Kifundo changu cha mguu unakijua kilivyo. Wapo waliosema nimetupiwa jicho, wapo waliosema mshipi ulikuwa mbovu. Ulikuwa mpya, haujamaliza wiki mbili. Tatizo lake ni kwamba ulikuwa mmoja.

Kule Durban, siku ya kwanza ya mafunzo ya kuosha vioo vya maghorofa, nilikutana na jambo hilo hilo, safari hii kwa utaratibu. Kila mtu ana kamba mbili. Ya kwanza inabeba uzito wako, unashuka nayo kwa kifaa kinachobana kamba ukikiachia. Ya pili haibebi kitu. Juu yake kuna kifaa kidogo kinachokufuata kama mtoto, kikisikia umeporomoka kinang'ata. Na kila kamba ina nanga yake. Wewe umezaliwa ziwani, unaelewa: kamba mbili kwenye nanga moja ni sawa na kamba moja, kwa sababu nanga iking'oka zote zinakwenda. Ufundi huu ulitokana na watu wa kuingia mapangoni, na waliofanya kazi kwenye visima vya mafuta vya Bahari ya Kaskazini wakauwekea sheria. Chama chao, IRATA, kina ngazi tatu za mafundi. Ya kwanza unaipata kwa siku 5 pamoja na mtihani. Ya pili hupewi mpaka umalize mwaka mmoja na saa 1,000 za kazi. Wa ngazi ya tatu ndiye anayesimamia na kuokoa.

Huyo wa kuokoa ndiye ninayetaka tumzungumzie. Mwenzangu mmoja alizimia kwa jua akiwa ghorofa ya tisa. Hakuanguka, kamba zilimshika vizuri. Lakini mtu akining'inia kwenye mikanda bila kujongea, damu hutuama miguuni, na anaweza kufa hivyo hivyo akiwa amefungwa salama. Hapo mnahesabu dakika. Msimamizi wetu alishuka kwa kamba zake, akamhamishia kwake, wakafika chini pamoja.

Sasa niambie, ukizimia juu ya mnara wa hapa, nani atakushusha? Gari la zimamoto lenye ngazi ndefu sijawahi kuliona Baraka. Muulize patroni wako swali hilo mbele ya wenzako, na kwa heshima. Akisema "tutapiga simu", muulize simu ipi, na mnara wenyewe ndio mnaoutengeneza.

Kwenye mnara utapanda kwa kamba fupi mbili zenye ndoano. Moja isitoke kwenye chuma kabla nyingine haijashika, hata kama unachelewa, hata kama wenzako wanacheka. Kila asubuhi pitisha kamba yote kiganjani taratibu. Mkono huona pale palipolegea ndani kabla ya jicho. Usikubali ile kamba ya buluu ya wavuvi. Inaelea, ni rahisi, jua huila upesi; uuachie mtumbwi. Na mvua zikianza mwezi ujao, ukiona wingu jeusi juu ya Ubwari, shuka bila kuomba ruhusa. Radi haina habari na mkataba wako.

Patroni akikosa vifaa, mwambie atoe kwanza vifaa, mshahara mtajadili baadaye. Akikufukuza, njoo. Shamba la babu yako lipo, na mshipi tutafunga miwili.

Ile kamba nimeikata vipande sita, viwili vimefunga mbuzi. Nitumie jina la mtu atakayekushusha kabla hujapanda mnara wa kwanza. Mama yako sijamwambia kwamba nimekuuliza.

Mjomba wako