Walioulizwa Walikuwa Wazee

Kizazi cha baba zetu kule Old Moshi kilipata kipaimara kwa Mjerumani ambaye hakuwadharau babu zao, na siku zile hilo halikuwa jambo la kawaida. Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig alifika Uchagani mwaka 1902. Ukiacha miaka aliyoondolewa baada ya Vita vya Kwanza, alikaa hadi 1938. Aliketi na wazee, akayaandika mafundisho waliyopewa vijana wa Kichagga walipoingia utu uzima, yakajaza vitabu vitatu vikubwa. Ukoo, ujirani na rika ndiyo misingi aliyoikuta, na juu yake akajenga malezi ya vijana kanisani. Watoto wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo, kila mmoja akibeba dhamana ya mwenendo wa mwenzake.

Kusini, Masasi, Vincent Lucas wa UMCA, misioni ya Kianglikana, aliyekuwa askofu kuanzia 1926, alithubutu zaidi. Hakuwakataza Wakristo jando, bali aliliingiza kanisani: wavulana walitahiriwa na kukaa kambini kama kawaida, ila chini ya makasisi na walimu Wakristo. Kwa wasichana haikuwa rahisi hivyo. Unyago ni wa wanawake, na kasisi mwanamume angepenyea wapi?

Nawaheshimu wote wawili, maana wamisionari wengine walipiga marufuku ngoma kabla hawajaisikiliza. Lakini walipotaka kujua vijana wa mahali wanaishije, walimwuliza nani? Waliuliza wazee. Na mzee ukimwuliza habari za vijana, atakueleza alivyolelewa yeye. Nalijua hilo vizuri, kwa kuwa siku hizi ninayeulizwa ni mimi.

Wakati Gutmann akinakili mafundisho ya kale, Kilimanjaro ilikuwa inapanda kahawa. Mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao, na 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU. Vijana walitaka shule, walitaka Kiingereza, walitaka bati juu ya nyumba. Gutmann aliiogopa fedha, akaiogopa na elimu inayomng'oa mtu kwenye ukoo wake. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Nani kati yetu hajaona ndugu wakipelekana mahakamani kwa ajili ya kihamba, shamba la ukoo? Ila kijana aliyekuwa kichwani mwake na yule aliyekuwa kwenye foleni ya kupima kahawa walikuwa watu wawili.

Leo wageni huja kwa wiki mbili, vijana wa usharika rafiki wa Ujerumani au Marekani. Wamefundwa kabla ya safari kuheshimu utamaduni wetu, na kweli wanauheshimu. Kasheshe huanza Jumapili, kwaya ya vijana inaposimama na kinanda, spika kubwa na mitindo iliyochukuliwa nusu Kinshasa, nusu kwenye bongo fleva. Mgeni anauliza ngoma ziko wapi. Basi Jumapili inayofuata mtoto wetu anaazima ngoma na kitenge ili awe Mwafrika kwa saa moja, kisha anarudi kwenye simu yake.

Sasa na sisi tunatuma wetu, mwaka mzima wa kujitolea kwenye sharika za Ujerumani. Anayewaandaa ni nani? Wazee wenzangu, tena kwa kujiamini! Tunawaambia Mzungu anapenda saa na hapendi kelele. Hatuwaambii kwamba kule mtoto hupata kipaimara akiwa na miaka kama 14 na wengi wao hawaonekani tena kanisani, wala kwamba mkesha wa kusifu hadi alfajiri hautawarudisha. Mmoja aliyekwenda alikunja ratiba tuliyomwandalia, akaanza kupika na vijana baada ya shule. Wakishashiba, wakawa wanauliza maswali ambayo kwetu kijana angefukuzwa nayo darasani.

Nimependekeza semina ya mwaka huu ya kuwaandaa wanaokwenda iendeshwe na waliorudi, sisi tubaki na sala ya kufungua. Kamati imekubali sehemu ya sala.