Sanduku la Einstein, Jibu la Bohr

Katika mijadala yetu husikika hoja hii: Einstein ameonyesha kwamba kila kitu hutegemea mtazamo, Heisenberg ameonyesha kwamba hakuna hakika, basi ukweli haupo. Tumeisikia ikitumiwa hata juu ya wale waliouawa hapa Makobola mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, kana kwamba kufa kwao ni suala la maoni. Yafaa basi tutazame mabwana hao walisema nini.

Kanuni ya Heisenberg, ya mwaka 1927, haisemi kwamba hakuna kijulikanacho. Inaweka mpaka: kadiri nishati inavyopimwa barabara, ndivyo wakati wa tukio unavyozidi kuwa na mashaka, na mpaka huo una kiasi chake maalumu.

Mwaka 1930, mjini Brussels, makao makuu ya waliotutawala siku hizo, Einstein alijaribu kuuvunja. Aliwaza sanduku lililojaa mwanga, lenye saa ndani yake. Saa hufungua tundu kwa kitambo kidogo, fotoni moja ikatoka. Sanduku likipimwa uzito kabla na baadaye, nishati ya fotoni hujulikana. Na saa imekwisha kuutaja wakati. Yote mawili, bila mashaka!

Niels Bohr alihangaika usiku ule. Asubuhi alijibu kwa nadharia ya Einstein mwenyewe, ile ya uhusianifu. Sanduku limetundikwa kwenye mizani ya springi, kama ile ya kupimia samaki sokoni. Likipungua uzito, hupanda. Na uhusianifu hufundisha kwamba saa iliyo juu huenda mbio kuliko iliyo chini. (Saa iliyowekwa katika milima ya Itombwe, mita 2,000 juu ya ziwa letu, huitangulia ya ufukweni kila siku kwa takriban sehemu 20 za bilioni moja ya sekunde.) Kwa kuwa kimo cha sanduku hakijulikani barabara, mwendo wa saa nao haujulikani barabara. Bohr alipopiga hesabu, mashaka hayo yalilingana na mpaka wa Heisenberg.

Maoni ya mtu hayakuingia popote. Mwendo wa mwanga, kilomita 299,792 kwa sekunde, ni mmoja kwa kila aupimaye katika ombwe. Katika nadharia hizi hatuoni ruhusa yoyote ya kuwafuta wafu wetu.

Einstein hakuridhika, mwaka 1935 alirudi na swali jingine, pamoja na Podolsky na Rosen. Na nadharia hizo mbili, zilizokutana kwenye mizani ile, hadi leo hazijaunganishwa kuwa moja.