Peugeot ya milango miwili na jina lililokuwa kwenye karte rozi

Tangu mwezi uliopita wengi wenu mmenisimamisha kwenye barabara ya Kasenga na swali moja: "Ile Peugeot ya milango miwili uliipata wapi, na ulilipa ngapi?" Nitajibu hapa mara moja, maana jibu lake si fupi.

Peugeot 504 tunaijua wote. Sedani yake ilibeba wazazi wetu, pikapu yake ikabeba makala mpaka ikachoka. Lakini kulikuwa pia na 504 kupe, gari la michezo ambalo bodi yake ilichorwa na kutengenezwa na Pininfarina kule Torino, Italia. Lilitoka 1969 likiwa na injini ya silinda nne. Mwaka 1974 likawekewa V6 ya lita 2.7, injini ya ushirika wa Peugeot, Renault na Volvo. Kupe ya V6 ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1978, ikiendeshwa na Mfaransa Jean-Pierre Nicolas. V6 za mwanzo zilikuwa na kabureta mbili zisizofanana, moja ndogo na moja kubwa. Mwaka 1977 kabureta zikaondolewa, ukaja mfumo wa sindano za petroli. Kwa hiyo ile ya kabureta ilidumu miaka mitatu hivi tu, na ndiyo niliyoitaka. Kabureta fundi wetu yeyote anaifungua na kuisafisha; ule mfumo wa sindano wa zamani unawashinda wengi.

Nilitafuta miaka miwili. Magari yanayoingia kwetu kupitia Kasumbalesa mengi ni ya Japani, usukani kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia. Nilimpigia dalali mmoja wa Dar es Salaam nikamwambia: "Nataka kuuza Peugeot kupe." Akaniuliza bei yangu, rangi, na picha. Tulizungumza dakika kumi kabla sijakumbuka kwamba kwetu Lubumbashi "kuuza" ni kutoa pesa, na anayetoa mali "anauzisha". Kwao ni kinyume. Tulicheka, lakini gari hakuwa nalo.

Mwishoni fundi mmoja wa hapa aliniambia kuna kupe nyeupe Likasi, kilomita kama 120 kutoka hapa, kwa mzee mmoja aliyestaafu Gécamines. Nikaenda Jumamosi. Lilikuwa chini ya mwembe, limefunikwa na turubai, matairi yamekwisha. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu. Nikafungua kapo: silinda tatu huku, tatu huku, na juu yake kabureta mbili, ndogo na kubwa. Tukaishika injini kwa spana, ikazunguka. Mikono yangu ilitetemeka, sitaficha.

Mzee akasema dola 4,500. Nikakubali bila kuvutana. Kisha nikaomba karte rozi. Akaingia nyumbani, akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Jina lililoandikwa halikuwa lake. Lilikuwa jina la Kikasai.

"Papa, huyu ni nani?"

"Alikuwa jirani yangu, mwanangu. Alienda na treni, 1992. Aliniachia ufunguo, akasema atarudi."

Wenye umri wangu hawahitaji maelezo. Mwaka ule ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Pale Likasi familia nzima zilikaa kituoni majuma na majuma zikingoja treni, na wengine walikufa hapo au njiani. Mimi nilikuwa kijana. Nakumbuka viti vitupu shuleni, na nakumbuka kwamba hatukuuliza.

Mzee alikuwa mgonjwa, alihitaji pesa za upasuaji. Wala hakuwa mwizi: miaka zaidi ya thelathini hakuuzisha hata kioo. Mtu mmoja aliyekuwa pamoja nami akaninong'oneza kwamba karatasi mpya inapatikana kwa dola mia mbili, siku tatu, kwa jina langu. Nitawaambia ukweli: usiku ule nilizihesabu zile mia mbili mara nyingi. Gari kama lile nisingeliona tena.

Asubuhi nikamwomba mzee miezi miwili, nikamwachia dola 500 za hospitali. Nikaulizia makanisani na kwa wafanyakazi wa reli. Mwezi wa pili nikapata namba ya binti wa yule jirani, yuko Mwene-Ditu. Mara ya kwanza alikata simu, akidhani mimi ni tapeli. Mara ya pili akaniuliza: "Kiti cha nyuma kina nini?" Nilikuwa nimekiona: ngozi imechanika, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Akanyamaza kwa muda. Akasema: "Mama ndiye aliyeshona." Baba yake alifariki miaka mingi iliyopita, bila kurudi Likasi. Kisha akauliza kama mzee bado yuko hai.

Msifikiri kila kitu kilikwisha vizuri. Binti na ndugu zake walitaka dola 3,000, nami niliona ni haki. Mzee alipoambiwa atabaki na 1,500 alikasirika. "Nani alilipa kwa kulilinda? Askari walipokuja, nani alisimama mlangoni?" Naye alikuwa na haki. Nikaongeza 500 kutoka mfukoni mwangu, akazipokea bila kunitazama. Ndugu wakasaini prokurasioni mbele ya notari kule Mwene-Ditu, na karte rozi ikabadilishwa kwa njia yake. Kwa hiyo gari lilinigharimu dola 5,000, bila kuhesabu sakafu, matairi na breki.

Mzee alifanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri. Nilimpelekea gari alione likitembea. Alilizunguka mara moja, akagusa kapo, akarudi kukaa. Binti amesema atakuja likizo, anataka kukaa kiti cha nyuma. Sijui siku ile itakuwaje kati yake na mzee.

Ninyi mnaotafuta gari la zamani, angalieni kutu, angalieni injini. Lakini kwanza ombeni karatasi, msome jina, na mkiona si la anayeuzisha, ulizeni alikwenda wapi. Katika mji wetu kuna maturubai mengi.

Ni mimi mwandishi wenu, Lubumbashi.