Kuteremka Ufipa kwa Pikipiki

Ndugu msomaji, ukipata likizo mwezi wa Juni au Julai, na pikipiki yako i nzima, zuru Sumbawanga. Mji huo uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za kipupwe baridi yake hutia vidole ganzi, na kidole chenye ganzi huchelewa kukamata breki. Vaa koti zito, glavu na kofia ngumu, wala usiondoke kabla jua halijautawanya ukungu.

Njia njema hutafutwa kwanza. Mvua za Novemba hadi Aprili huchimba barabara za udongo, na greda huja baadaye kuzisawazisha. Ulizia barabara za mkoa kwa TANROADS, na zile za wilaya kwa TARURA, wakala ulioundwa mwaka 2017. Kisha waulize waendesha bodaboda waliopanda jana kutoka bondeni.

Maana mtihani wenyewe uko huko. Baina ya Ntendo na Muze uwanda hukatika, nawe washuka karibu mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Atakayekushauri uzime injini ili kuokoa petroli, usimsikilize! Breki ikishikwa mfululizo hupata moto ikalegea, na kwenye kona huenda lori linapanda na magunia ya mpunga. Tia gia ndogo, injini ikuzuie. Shika kushoto, piga honi.

Ziwa halihami. Afadhali ulichelewe kuliko wanao wakusubiri bure nyumbani.