Kabla ya kununua batri ya tatu

Mama wenzangu,

Taa ya pikipiki ikififia usiku, wa kwanza kulaumiwa ni batri. Fundi anaiangalia, anatikisa kichwa, anasema imekufa, na pesa ya kikundi inatoka. Sisi tulinunua batri mbili ndani ya mwaka mmoja kwa ile pikipiki ya zamani inayobeba mama wenye mimba kwenda kujifungua. Ya pili ilipoanza kuchoka, mkutano ukataka tuguse likelemba tununue ya tatu. Niliomba nipewe siku moja nipime kwanza.

Batri haizai umeme, inautunza tu. Ni kama mtungi. Ukikuta mtungi mtupu kila asubuhi, usikimbilie kununua mwingine. Uliza kwanza kama kuna mtu aliyekwenda mtoni.

Anayeteka maji ni sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kule London kwamba sumaku ikisogea karibu na waya wa shaba, umeme unazaliwa ndani ya waya. Somo hilo nilisomea ISP, na leo nalifundisha darasani. Ndani ya pikipiki kuna gurudumu la chuma lenye sumaku, linazunguka pamoja na injini karibu na nyuzi za shaba zilizosokotwa. Umeme unaotoka hapo unakwenda na kurudi, na batri haiwezi kuupokea hivyo. Kwa hiyo unapita kwenye kisanduku kidogo cha alumini ambacho mafundi wanakiita regilatere. Hicho kinaunyoosha uende upande mmoja, na kinauzuia usizidi. Baada ya hapo unapita kwenye fyuzi na kuingia kwenye batri. Njia ikikatika mahali popote, batri mpya nayo itakauka.

Pikipiki nyingi za zamani zinawaka kwa teke hata batri ikiwa tupu, kwa sababu cheche ya injini ina waya wake. Ndiyo maana injini inanguruma vizuri huku taa imekufa, na ugonjwa unajificha miezi mingi.

Nilichukua kipima umeme kidogo. Kwanza nilichaji batri kwa sola mpaka ikajaa, nikaiacha ilale usiku mmoja. Batri nzima ya volti 12 asubuhi huonyesha karibu 12.6. Yetu ilionyesha 12.5. Basi batri haikuwa imekufa.

Pili, tuliwasha injini nje, mahali penye hewa, tukaongeza mafuta kidogo. Hapo kipimo kinapaswa kupanda mpaka kati ya 13.5 na 14.5. Chetu kilibaki 12.4. Hakuna aliyekwenda mtoni. Kingepita 15 ingekuwa ugonjwa mwingine: regilatere imeshindwa kuzuia, na batri inachemka, maji yake yanakauka, balbu zinaungua.

Tatu, tuliangalia fyuzi na nyaya. Zilikuwa nzima.

Nne, tulizima injini, tukachomoa nyaya mbili zinazotoka kwenye sumaku, tukawasha tena. Kipima umeme tulikiweka upande wa umeme unaokwenda na kurudi. Namba ilipanda kadiri injini ilivyokaza mwendo, ikapita 40. Sumaku na shaba zilikuwa zinafanya kazi yao.

Ikabaki regilatere. Tulirudisha nyaya, tukawasha, tukapima kati ya mwili wake na upande wa kutoa wa batri. Hapo panapaswa kuwa karibu na sifuri, lakini tulikuta volti kadhaa. Kwenye pikipiki hii umeme unarudi kupitia chuma chenyewe; mafundi wanasema masi. Kabla haijafika kwetu, mtu aliipaka rangi mpya, kisha akafunga regilatere juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme.

Tulizima, tukafungua boliti, tukakwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, tukafunga tena. Kipimo kikapanda mpaka 14.1. Gharama yote ilikuwa kipande cha msasa. Likelemba haikuguswa, na mama aliyekuwa na zamu yake aliipata kamili.

Simdharau fundi, injini anaijua kuliko mimi. Lakini anaposema "nunua", mwombeni kwa heshima apime mbele yenu, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka, na mziandike namba zote mbili. Kwa batri ya volti 6, namba ni nusu ya hizi. Msichomoe batri injini ikiwaka, kwa sababu hilo linaweza kuua regilatere. Moto na sigara viwe mbali, kwani batri inayochajiwa inatoa hewa inayolipuka. Asidi yake inachoma ngozi na kula kitambaa, watoto wasiikaribie.

Naomba kikundi kinunue kipima umeme chake. Bei yake ni ndogo kuliko batri moja. Tuchague mama wawili wa kukitunza, na kila mwisho wa mwezi waandike namba kwenye daftari la kikundi, karibu na hesabu ya pesa. Uchungu hausubiri mchana, na barabara zetu za Opala hazina taa nyingine zaidi ya ile ya pikipiki.