Jambiani: Maji Yalipokupwa, Tukaongea

Kama na wewe ni mmoja wa wanawake ambao mwisho wa mwezi ndio mnaolipa kodi ya nyumba, ada na umeme, huku baba mwenye nyumba akikodolea macho taarifa ya habari, basi sogea tuongee. Simsemi mume wangu kwa ubaya. Alipunguzwa kazini, ikapita miezi minane, na ndani ya miezi hiyo tukawa watu wa "umekula?" na "watoto wamelala?" Ugomvi hakuna, ila mazungumzo nayo hakuna. Mimi bora ugomvi.

Nilipopata likizo ya wiki moja, watoto wakaenda kwa bibi yao, nikakata tiketi mbili za boti. Twende Unguja, nikamwambia, ila Nungwi kwenye muziki hapana. Nilitaka kijiji.

Kutoka bandarini Malindi hadi Jambiani ni kama kilomita 55, unakatiza kisiwa kwenda pwani ya kusini mashariki. Njiani kuna msitu wa Jozani, na ukibahatika utawaona kima punju barabarani, mgongo mwekundu, wanakuangalia kama wewe ndiye kivutio. Halafu Paje. Paje ni ya vijana: wanateleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa, na kahawa moja inauzwa bei ambayo mimi nanunulia doti ya khanga. Pazuri, sikatai. Sisi tukakata kulia, kusini.

Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha kando ya bahari. Nyumba za mawe na chokaa, mapaa ya makuti na mabati, watoto wa madrasa, mbuzi, na katikati yao vihoteli vidogo vidogo. Watu wanaishi pale, si mapambo ya watalii, kwa hiyo dada yangu, bikini iishie kwenye bwawa la hoteli. Ukitoka kijijini funga khanga, funika mabega. Salimia kwanza. Utashangaa milango inavyofunguka.

Asubuhi ya kwanza mume wangu akasimama kibarazani na kikombe chake cha chai, akauliza, "Bahari imeenda wapi?" Kweli bwana, haikuwepo! Tulifika ikiwa imejaa mpaka karibu na ngazi, sasa ni mchanga na madimbwi mpaka mbali kabisa, kule wimbi linapopasukia kwenye mwamba. Ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Yalikuwa maji ya bamvua, mwezi mpevu, na siku hizo maji hukupwa sana. Ukifuata picha za matangazo utanuna, utasema umetapeliwa. Kumbe hapo ndipo kijiji kinapoingia kazini.

Wanawake walikuwa wanatoka nyumba kwa nyumba, mitandio kichwani, magunia mkononi, wanatembea kuelekea ilipokuwa bahari. Nikavaa raba kuukuu (usiende peku, kuna vitu vya miiba) nikawafuata. Mume wangu akasema anapumzika.

Kilimo cha mwani kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mama mmoja wa makamo akanipokea. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, inama basi, usinisimamie." Nikainama. Unachomeka vijiti viwili mchangani, unavuta kamba katikati, unafunga vichipukizi vya mwani kimoja kimoja. Wiki kama sita vimekua, unavuna, unaanika, unauza. Unakwenda nje kutengenezewa kitu cha kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Nusu saa tu mgongo ulikuwa unaniambia habari zake zote. Wao wanakaa hapo saa tatu, nne, mpaka maji yanarudi kiunoni.

Na bei haiwapendelei. Aina inayolipa vizuri zaidi, ile wanayoiita kotoni, haivumilii joto, na maji ya kina kifupi siku hizi yanachemka. Inageuka nyeupe, inakatika, inaoza. Wamebaki na ile ya bei ya chini. Wengine wanasaga mwani wakatengeneza sabuni, na hapo kidogo faida inaonekana.

"Bwana wako yuko wapi?" akaniuliza.

Amepumzika, nikasema. Halafu sijui nini kilinipata, nikamweleza yote, huku tumeinama, mgeni na mgeni.

Hakunipa pole. Akaniambia mwani ulipoanza wanaume walicheka, mambo ya wanawake hayo. Pesa zilipoingia, wengine wakanuna. Bwana wake mvuvi, na kusi ikivuma kwa nguvu anaweza kukaa siku kadhaa hajashusha ngalawa. Siku hizo nyumba inakula mwani. "Mie simwambii n'nakulisha. Wala simfichi. Namwambia tumepata. Na yeye akipata hivyo hivyo, tumepata." Akavuta kamba. "Funga vizuri, hiyo itachukuliwa na maji."

Niliporudi, mpumzikaji hayupo! Kumbe ameshuka pwani, akapiga stori na wavuvi, wakampakia. Alirudi jioni maji yakiwa yamejaa, pua imeungua jua, mkononi changu wawili aliopewa kwa kusaidia kuvuta. Mtu mzima, meneja mstaafu wa lazima, ananionyesha samaki kama mtoto aliyeshinda mtihani. Wakatupikia wa kupaka, na nazi na ndimu. Nimekula hoteli nyingi kwa kazi yangu hii, sijala samaki kama yule.

Bili ilipokuja mhudumu akaiweka mbele yake, kama kawaida. Nyumbani tulikuwa na utaratibu wetu, tena aliuanzisha mwenyewe: nampa hela kabla hatujatoka, yeye analipa. Safari hii akaisukuma upande wangu, mbele ya mhudumu. "Lipa mke wangu." Kisha akasema ana jambo.

Kwenye begi alikuwa na barua ya kazi, wiki mbili sasa. Kampuni ndogo, cheo kidogo, na mshahara nusu ya wangu. "Ningekuonyeshaje?" akauliza.

Nikamwambia alete barua. Tukaisoma kwa mwanga wa simu, mara mbili, ya pili tukiwa na kalamu na karatasi: nauli, ada ya muhula, chakula. Mshahara wake ukaingia upande wa ada na ukatosha, ukabaki kidogo. "Tumepata," nikasema. Hakujua nimetoa wapi neno hilo, na sikumwambia. Tukabishana kuhusu gari, kama aliuze au la, mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Ugomvi wa kwanza baada ya miezi minane, jamani, nilifurahi!

Bado hatujakubaliana kuhusu gari. Kazi ameanza tarehe mosi.