Kabla Mama Hajatia Sahihi



Juma hili tumependelea kuzungumzia jambo ambalo aghalabu huachiwa mawakili na watu wa benki, ilhali wanaobeba mzigo wake ni watu wa nyumbani. Nalo ni mkopo wa nyumba, pamoja na rehani inayoufuata. Lililotushawishi kushika kalamu ni karatasi tunazoletewa baada ya sala ya alasiri. Mama hukaa kitako, hufungua mkoba wake, akatoa kurasa ishirini au thelathini za Kiingereza, akasema ametakiwa atie sahihi kesho asubuhi. Tumuulizapo ni karatasi za nini, hujibu, "Baba watoto amesema ni za nyumba." Hilo tu ndilo alijualo.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Ndani yake mna jambo ambalo twaona halizingatiwi vya kutosha: mwenye kumsomea mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa. Yeye ndiye aitamkaye haki iliyo juu ya shingo yake, na akiwa hawezi, basi walii wake humtamkia kwa uadilifu. Leo mambo yamepinduka. Mkopeshaji ndiye aandikaye, na mkopaji huonyeshwa kwa kidole tu mahali pa kutia sahihi. Hatusemi kwamba mkataba uliochapwa na benki ni batili kwa sababu hiyo. Twasema kwamba asiyeweza kuyatamka kwa kinywa chake yaliyomo katika deni lake, huyo bado hajawa tayari kulitia sahihi.

Wako wanaodhani kwamba rehani yenyewe ndiyo haramu, au kwamba ni aibu kwa mwenye heshima. Sivyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifariki ilhali deraa yake ya vita iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina, kwa pishi thelathini za shayiri alizozichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Rehani ni amana ya kumtuliza mwenye kudai. Tatizo limo katika kile kinachofungamanishwa nayo.

Na tuuangalie basi mkopo wa kawaida wa benki. Tuchukulie mtu amekopa shilingi 3,000,000 za kununua nyumba, kwa riba ya 14 kwa mia kwa mwaka, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atatakiwa kutoa kama shilingi 39,950. Mwezi wa kwanza, katika fedha hizo, shilingi 35,000 ni riba. Zinazopunguza deni lenyewe hazifiki hata 5,000. Baada ya miaka mitano ya kulipa bila kukosa amekwisha kutoa karibu 2,400,000, naye akienda benki kuuliza salio ataambiwa bado adaiwa zaidi ya 2,570,000. Hapo ndipo watu hushikwa na kizunguzungu, wakadhani wameibiwa. Hawakuibiwa. Ndivyo hesabu ilivyopangwa tangu siku ya kwanza: riba hulipwa kwanza juu ya deni lote lililobaki, na mtaji hupungua polepole mwanzoni, kisha kwa kasi mwishoni. Akimaliza miaka yake 15 atakuwa ametoa kama 7,190,000 kwa nyumba ya milioni tatu.

Tena hesabu hiyo yachukulia kwamba riba haitabadilika, na mikopo mingi ya nyumba nchini huandikwa kwa riba ya kupanda na kushuka. Lau ingalikuwa 17 kwa mia badala ya 14, awamu ya kila mwezi ingalifika kama 46,170. Tofauti ya shilingi elfu sita kwa mwezi ni karo ya mtoto. Neno la kulitafuta katika karatasi zile ni hilo: je, kiwango kimefungwa au kimeachwa wazi, na nani ana uwezo wa kukigeuza?

Kwa haki ya kusema kweli, sheria za nchi zimeweka mpaka. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinasema kwamba mkopo ukishashindwa kulipika, riba inayoendelea kurundikana haitapita kiasi cha mtaji uliokuwa ukidaiwa siku uliposhindwa. Ni kizuizi chenye faida kwa aliyekwama, ingawa kwa mizani ya dini yetu riba ni riba, iwe imewekewa mpaka au haikuwekewa.

Tukiulizwa tufanye nini basi, na nyumba hainunuliwi kwa dua peke yake, jibu letu ni kwamba tangu mwaka 2008 nchi yetu ina benki zinazofuata sharia katika shughuli zake zote, na baadhi ya benki za kawaida nazo zimefungua madirisha ya namna hiyo. Njia zao kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni murabaha. Benki huinunua nyumba kwa fedha zake, ikawa mali yake, kisha ikamuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi iliyotajwa wazi, alipe kidogo kidogo. Mathalani imeinunua kwa 3,000,000 ikamuuzia kwa 4,800,000 kwa miaka kumi: ni 40,000 kwa mwezi, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Bei haipandi hata soko likitikisika. Akichelewa, benki haina ruhusa ya kujiongezea faida. Desturi ni kwamba faini yoyote itozwayo hupelekwa kwenye sadaka.

Ya pili ni musharaka unaopungua, yaani ushirika. Nyumba ya 4,000,000 hununuliwa kwa pamoja: familia imetoa 1,000,000, benki imetoa 3,000,000. Familia ina robo, benki ina robo tatu. Familia huishi humo, hulipa kodi kwa ajili ya ile sehemu ya benki tu, na wakati huohuo hununua sehemu hiyo kipande baada ya kipande. Kadiri vipande vya familia vinavyoongezeka ndivyo kodi inavyopungua, mpaka benki ikatoka.

Tunasikia watu wakisema, "Shekhe, hii si ileile, imevishwa kanzu tu?" Swali hilo halituudhi, ni swali la mtu mwenye akili. Jina la Kiarabu juu ya karatasi halihalalishi kitu. La kuangalia ni umiliki. Katika murabaha ulizeni: benki iliimiliki nyumba kabla ya kutuuzia, au ilitukabidhi fedha ikaziita mauzo? Katika ushirika ulizeni: nyumba ikiungua bila kosa letu, hasara ni ya nani? Mshirika wa kweli hubeba hasara kwa kadiri ya sehemu yake. Ulizeni pia tukilipa mapema tutapunguziwa kiasi gani, maana katika murabaha punguzo hilo aghalabu liko mikononi mwa benki. Na ulizeni gharama za pembeni. Ushuru wa stempu wakati wa kuhamisha ardhi ni 4 kwa mia mijini na 2 kwa mia vijijini, hivyo nyumba ya mjini ya 4,000,000 yataka 160,000 kwa serikali kabla ya mthamini na wakili kulipwa. Mwenye kuweka akiba ya kianzio pekee hukwama hapo.

Sasa tuje kwetu pwani, kwani hapa pana fundo ambalo vitabu vya benki havilizungumzii. Mombasa, mitaa kama Majengo, Kisauni na Likoni, tuna nyumba nyingi zilizojengwa juu ya ardhi isiyokuwa ya mwenye nyumba. Kuta ni zake, bati ni lake, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine, naye humlipa kodi ya kiwanja mwezi hata mwezi, pengine tangu enzi za babu. Nyumba hiyo huuzwa, hurithiwa, hupangishwa. Lakini benki haiwezi kuishika rehani kwa njia ya kawaida, kwa kuwa rehani huandikwa juu ya hati ya ardhi, na hati ile haina jina la mwenye kuta. Basi vijana wakihitaji mkopo macho yao huelekea kwa yule mmoja katika ukoo aliye na hati. Mara nyingi ni mama, au bibi.

Tuliwahi kujiwa na bibi mjane namna hiyo. Mwanawe alitaka mtaji wa biashara ya magari, na kiwanja pekee chenye hati katika ukoo kilikuwa kwa jina la mama. Aliambiwa ni sahihi ya kumsaidia mtoto tu. Tulimsomea ukurasa kwa ukurasa kwa Kiswahili, na tulipofika mahali pa kushindwa kulipa alituuliza, "Watamtafuta yeye au mimi?" Tukamwambia kwamba wanaweza kumdai yeye, lakini watakachouza ni kiwanja chako, na ndugu zake watano wanaoishi humo hawajaulizwa. Hakutia sahihi. Mwanawe alinuna, na Idi ile hakuja kumpa mamake mkono. Hatukuona furaha katika jambo hilo, wala hatukumlaumu kijana kwa kutafuta riziki. Lakini kumsaidia mtoto ni jambo moja, na kuweka paa la watoto sita katika biashara ya mmoja wao ni jambo jingine. Na mwenye kutakiwa kufanya la pili ana haki ya kuambiwa kwamba ndilo analolifanya.

Haki hiyo kwa upande wa mke imeandikwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 79, yasema kwamba rehani juu ya nyumba ya ndoa haisimami isipokuwa mke au mume anayeishi humo ametia sahihi au karatasi zenyewe zaonyesha kwamba ameridhia. Kwa hiyo yule mama anayetumwa kesho asubuhi hatumwi kwa adabu tu. Bila yeye karatasi ile ni pungufu. Akina baba wengine huona mke akiuliza ni kama kumtuhumu mumewe. Sisi twaona kinyume chake: sheria isingalimtaka aridhie kama haikumtaka ajue. Na ridhaa ya asiyejua anachoridhia, wanazuoni wetu hawaihesabu ridhaa. Akina dada, cheti cha ndoa kiwe kwenu na kisipotee, na mkichukua wakili wa kuwaeleza, awe wenu. Wakili aliyeandika mkataba kwa agizo la benki ni wakili wa benki, hata kama malipo yake yametoka mfukoni mwenu.

Mambo yakiharibika, nyumba haiendi mnadani kwa siku moja. Kifungu cha 90 cha sheria hiyo chataka mkopaji apewe ilani yenye kutaja kiasi anachodaiwa, na muda usiopungua siku 90 wa kukilipa. Siku hizo zikipita, kifungu cha 96 chataka ilani nyingine ya kuuza, ya siku zisizopungua 40, na nakala yake apelekewe pia mke au mume aliyeridhia. Aibu ndiyo huwapotezea watu siku hizi. Baba hupokea barua ya kwanza akaificha chini ya godoro, na mke huja kujua dalali amesimama mlangoni. Ndani ya zile siku 90 mengi yawezekana: kupangiwa awamu upya, kujiuzia nyumba wenyewe kwa bei ya soko, kuomba jamaa. Baada ya nyundo kugonga hakuna la kuzungumza.

Limebaki la mauti. Sote twajua mpangilio: maziko, kisha madeni, kisha wasia, kisha warithi. Mtume alikuwa akiletewa jeneza huuliza kwanza kama maiti ana deni. Nyumba iliyo rehani hairithiwi nzima. Warithi hupata kinachobaki baada ya deni. Kwa hiyo siku ya kutia sahihi pawe na jambo la takaful, itakayolipa salio mkopaji akifariki, na karatasi yake ikae mahali ambapo mke anapajua.

Na deni likiisha, msiridhike na risiti ya mwisho. Benki yatakiwa kutoa hati ya kuondoa rehani, nayo ipelekwe kwa msajili wa ardhi ili maandishi ya rehani yafutwe katika daftari. Tumewaona warithi waliokuja kugawana nyumba iliyolipwa yote miaka mingi nyuma, wakakuta daftarini bado ni rehani, na benki iliyoikopesha imekwisha kubadilisha jina. Yule mama mwenye mkoba na aiulizie hati hiyo kwa jina lake, aende nayo mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi, na asitoke pale mpaka apewe nakala ya daftari isiyo na jina la benki.